Ukurasa wa Kumsifu Kaisa

Agosti 29, Jumatatu

Presha 142 kwa 86. Nesi wa kliniki amenipa daftari hili niandike presha kila asubuhi. Ukurasa mzima kwa tarakimu mbili ni uharibifu wa karatasi, kwa hiyo nafasi inayobaki nitaijaza mwenyewe. Mimi ni Lempi Heikkila, miaka sabini na mmoja, mpishi mstaafu wa shule, mjane wa Urho, bibi yake Kaisa, ambaye huniita Mummu, yaani bibi kwa Kifini.

Leo sanduku la barua limekataa kufunga. Vyuo kumi na vinne vimemwandikia Kaisa kwa siku moja! Kila kijitabu kina picha ileile: vijana watatu wamekaa kwenye nyasi, mmoja anacheka, mmoja ana kitabu, wa tatu anamtazama mwenye kitabu. Nyasi za kwetu ukizikalia Mei unalowa, ukizikalia Oktoba unaganda. Nikamuuliza Kaisa watu wote hawa wamemjulia wapi.

"Si ule mtihani wa kuingia chuo nilioufanya mwezi wa tano, Mummu? Wameuza jina langu."

Wameuza jina la mtoto, na yeye anacheka! Nimevipanga vile vijitabu karibu na jiko la kuni, vitafaa kuwashia moto.

Septemba 3, Jumamosi

Siku ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke. Kaisa husema ya moyoni kwenye mvuke, tangu akiwa mdogo, kwa sababu mle ndani hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Alimwaga maji kwenye mawe, akangoja, kisha akasema kuna chuo kimoja kiko Ohio, kinaitwa Penhallow. Ni kidogo. Wanafunzi elfu moja na mia tatu.

"Ohio," nikasema.

"Maili mia saba. Nimepima."

"Utasomea nini?"

"Hawakulazimishi kuchagua mpaka umalize mwaka wa pili."

"Ala! Mtu anakwenda maili mia saba kusomea hajui nini?"

Akanimwagia maji ya baridi mgongoni. Siku nyingine ningepiga kelele tukacheka, leo sikucheka. Ritva, mama yake, alikwenda Arizona kufanya kazi kwa msimu mmoja tu wa baridi. Akaniachia mtoto wa miaka sita na sanduku la nguo. Huu ni mwaka wa kumi na moja, na Ritva hupiga simu Krismasi.

Septemba 10, Jumamosi

Nimemburura Kaisa kwenda kukitazama chuo kikuu cha huku kwetu, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Ni chuo kizuri, majirani wengi wamesoma pale.

Kijana aliyetutembeza alikuwa na kaptura na kipaza sauti, na saa nzima alitembea kinyumenyume. Kinyumenyume! Ngazi, mizizi, baiskeli, yeye anarudi nyuma tu huku akieleza habari za maktaba. Sikusikia neno hata moja. Nilikuwa nimetoa mikono tayari kumdaka, mpaka Kaisa akanifinya.

"Wamefundishwa, Mummu. Vyuo vyote ndivyo wanavyotembeza wageni."

"Wamefundishwa na nani, kaa?"

Kulikuwa na mama mmoja mtu wa chini ya daraja, ndivyo tunavyowaita wanaotoka Michigan ya chini, kusini ya daraja kuu, unamjua tu kwa viatu vyake. Kila kijana wa watu akituonyesha kitu, yeye anatangaza kwamba mwanawe anapiga fidla, anaogelea, anasoma Kichina. Mwanawe alikuwa anatazama chini. Nilimhurumia yule mtoto. Kwetu hapa mzazi hamnadi mwanawe mbele ya watu. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nikaingia jikoni kwao kusalimia wapishi wenzangu. Viazi vya kuponda wanatengeneza kwa unga wa pakiti. Hata hivyo njiani kurudi nilikisifu sana chuo.

"Si umesema viazi vyao ni vya unga?"

"Viazi utakula nyumbani Jumamosi na Jumapili."

Kaisa akageukia dirishani mpaka nyumbani.

Septemba 14

Presha 139. Mvua. Nimeng'oa karoti.

Septemba 22, Alhamisi

Nimeitwa shuleni na Bwana Bertucci, mshauri wa wanafunzi. Alikuja Januari, naye pia ni mtu wa chini ya daraja. Tai yake ina picha za samaki, na meza yake ni fujo tupu. Alihamisha sandwichi iliyoumwa nusu ndipo nikapata mahali pa kuweka mkoba. Nikajisemea, huyu ndiye anayewapeleka watoto wetu duniani.

"Bi Heikkila, kila chuo kinataka barua yangu kuhusu mwanafunzi. Mimi nina watoto mia moja na arobaini, na Kaisa hasemi. Akija hapa anasema 'salama', anaondoka. Kwa hiyo naomba unisaidie."

Akanipa karatasi. Juu imeandikwa: Ukurasa wa Kumsifu Mwanao. Taja sifa tano zinazomfanya awe wa pekee. Eleza tukio lililokufanya ujivunie. Kuna jambo jingine tunalopaswa kulijua?

"Huna karatasi ya kawaida?" nikamuuliza.

"Hiyo ndiyo ya kawaida. Wazazi wote wanajaza."

"Nimsifu kwa mdomo wangu mwenyewe?"

"Kwa kalamu," akasema, tena anatabasamu. "Mwagika tu, Bi Heikkila. Nitasoma peke yangu."

Nimerudi nayo ndani ya Biblia isikunjike. Nimeona aibu njia nzima, utadhani nimebeba kitu cha wizi.

Septemba 25, Jumapili

Baada ya ibada Elma Maki alikuja na mkate wa iliki, tukaijaza ile karatasi pamoja. Elma ni jirani yangu, tumekunywa kahawa pamoja miaka arobaini. Mmoja wa wajukuu zake ni daktari wa moyo Minneapolis, nami nililijua hilo miaka mitatu baada ya yeye kuhitimu, kwenye mazishi, tena kwa mtu mwingine, si kwa Elma.

"Usimharibu mtoto," akanionya. "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Nikaandika kwamba Kaisa ana afya, si mvivu, hana makelele, anajua kuosha vyombo na huamka bila kuitwa. Elma akavaa miwani akasoma.

"Hapo pa kuamka umezidisha."

Nikaongeza "mara nyingi".

Kwenye tukio la kujivunia nikaandika: Hajatuaibisha. Kwenye jambo jingine, Elma alikuwa ameshakwenda kwake, niliandika peke yangu: Ni msahaulifu. Akishika kitabu huunguza sufuria. Sina hakika kama anaweza kuishi mbali na nyumbani.

Oktoba 10, Jumatatu

Tumerudi kutoka Ohio jana na mgongo bado unaendesha gari. Presha sikupima siku tatu.

Tulipovuka daraja kuu upepo ulikuwa unalisukuma gari, na Kaisa akaniimbia nyimbo za Jumapili ili nisitazame maji. Baada ya hapo ni Michigan ya chini, ndefu isiyokwisha, kisha Ohio, mahindi na mahindi. Tukalala hoteli ya njiani. Asubuhi tukakifikia hicho Penhallow chake. Majengo ya matofali mekundu, kengele, majani ya rangi zote. Kwenye nyasi wamekaa vijana watatu. Nikamwambia Kaisa, kumbe wanawalipa wakae pale. Akacheka mpaka akaegemea gari, nami nikafurahi, kwa sababu tangu Septemba alikuwa hacheki na mimi.

Binti aliyetutembeza naye alikwenda kinyumenyume. Sasa nimeshazoea, nilimwacha na Mungu wake.

Halafu wakaturuhusu kuingia darasani. Wanafunzi kumi na mmoja tu na mwalimu wao, wote kwenye meza moja, na sisi wageni tukapewa viti vya ukutani. Mwalimu, mama mwenye mvi asiyechana nywele, alikuwa anauliza: mtu akipotewa na maneno, je, mawazo yake yanabaki vilevile? Wakabishana. Yule mama akatugeukia sisi wa ukutani, akasema wageni nao wanakaribishwa.

Kaisa akanyoosha mkono. Kaisa wangu, ambaye mwalimu wake wa darasa la nne aliniuliza kama ana matatizo ya kusikia!

Akasema, "Babu yangu hakuweza kusema miaka miwili kabla hajafa. Lakini alikuwa na utani uleule. Najua, kwa sababu alinitania mimi." Mwalimu akamuuliza alimtaniaje bila maneno. Kaisa akaeleza. Wale vijana wakaacha kuandika, wakamgeukia. Msichana mmoja akamsogezea kiti, akakaa nao mezani, na kwa nusu saa nzima alibishana na watu asiowajua, mashavu yamemwiva, mikono inakwenda hewani. Mikono yake sijawahi kuiona ikifanya hivyo.

Kipindi kilipokwisha wakatoka wote pamoja, wanaongea, naye yuko katikati. Wakanipita. Nilibaki koridoni na mikoba miwili, wa kwangu na wake. Alikumbuka baada ya dakika kumi, akarudi mbio, "Samahani Mummu, samahani jamani!" Nikamwambia nilikuwa natazama picha za ukutani. Hapakuwa na picha. Niliogopa, na nimeandika hapa kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Njiani alisema mara moja tu, "Ni pale." Kisha akalala mpaka darajani.

Oktoba 12

Presha 158 kwa 94. Nesi amepiga simu.

Oktoba 21, Ijumaa

Kaisa ameniletea karatasi ya kusaini. Wanaiita uamuzi wa mapema. Unachagua chuo kimoja tu, unatia saini wewe, mlezi wako na mshauri wa shule, kwamba wakikuchukua utakwenda na kwingine kote utajiondoa. Maombi yafike kabla ya siku ya Novemba 15 kwisha, majibu Desemba 15. Ada, Bertucci amekaa nao kwenye simu, wana msaada kwa watu kama sisi.

"Kwa hiyo ni kama ndoa," nikasema.

"Ndoa ina talaka, Mummu."

Akanieleza kwamba wanaoomba ni maelfu na wanaochukuliwa ni mia tatu na kitu. Nilikuwa nimeshika kalamu. Nikajisemea, basi hawatamchukua, na nikasaini kwa moyo mwepesi. Wepesi ule sikuupenda. Nilikwenda nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Novemba 5

Theluji ya kwanza, kidole kimoja. Elma ameanguka kwenye ngazi zake, hajavunjika.

Novemba 9

Presha 150. Kaisa anaandika insha yake ya maombi, anafuta, anaandika. Nikiingia anafunika. Nimemwekea kahawa mlangoni.

Novemba 14, Jumatatu

Kesho ni ufunguzi wa uwindaji wa kulungu. Shule imefungwa, kiwanda cha mbao kimefungwa, hata mchungaji amefupisha mikutano. Dukani leo wanaume wote wamevaa rangi ya machungwa, wananunua risasi na soseji.

Bertucci alikuwa kwenye foleni nyuma yangu, naye amejivika machungwa toka kofia mpaka soksi. Akanivuta pembeni, karibu na magunia ya chumvi.

"Bi Heikkila, barua ya Kaisa natakiwa niitume kesho. Nimeiandika mara nne. Nitakwambia ukweli, ni barua ya kawaida. Ni mtoto mzuri, hana matatizo. Wanapata barua kama hiyo elfu. Nimetumia ukurasa wako, lakini..."

"Lakini nini?"

"Nilivyousoma niliona kama hutaki aende."

Kwanza nilitaka kumwambia hajui adabu. Akasema tena, kwa upole kabisa, hakuwa ananisuta, "Labda nimekosea. Mimi mgeni hapa, sijui watu wanavyosema mambo. Kesho nitakuwa kwenye kibanda changu cha kuwindia, nyuma ya shamba la akina Lahti, huko simu haishiki. Jioni nitarudi niitume. Ukiwa na neno lolote, niachie shuleni chini ya mlango."

Nimeendesha gari kurudi nyumbani na nimesahau maziwa dukani. Nakala ya ule ukurasa ilikuwa kwenye Biblia. Nimeisoma nikiwa nimesimama, na koti bado mwilini. Yale ya afya na vyombo ni desturi yetu, mama yangu angeandika hayohayo. Lakini kwenye yale matatu ya mwisho Elma hakuwepo, na desturi haikuwepo. Niliyaandika mimi. Bertucci hakukosea.

Novemba 15, Jumanne

Nimeamka mapema kuliko wawindaji. Kaisa alikuwa amelala bado, maombi yake ameshayatuma tangu Jumapili, hajui lolote la ukurasa wangu. Nikakaa mezani na kalamu. Mstari wa kwanza ulinichukua saa nzima. Nilitoka jasho, nasema kweli. Nilipopita hapo sikuweza kusimama, nikajaza kurasa tatu.

Nanakili hapa kipande:

"Urho wangu alipopooza hakuweza kusema tena. Daktari alitupa kibao chenye picha za kuonyesha kwa kidole: maji, choo, maumivu, usingizi. Kaisa alikuwa na miaka kumi. Alikitazama akasema, hapa babu anaweza kuomba tu, hawezi kuongea. Akachukua penseli, akachora kibao chake mwenyewe. Alichora kahawa yangu na mtu aliyeziba pua. Alichora Elma na mdomo mkubwa. Alichora gari letu likiwa matopeni, ili babu yake anikumbushe siku ile. Picha mia moja na sita kwa msimu mmoja wa baridi. Mume wangu alinitania mpaka siku aliyokufa. Kuna wake wangapi duniani waliopewa zawadi hiyo? Shuleni hakumwambia mtu. Nyumbani sikumwambia asante, kwa sababu kwetu hatusemi, nami nilidhani anajua.

"Nilikuandikia kwamba sina hakika kama anaweza kuishi mbali na nyumbani. Huo ni uongo. Nimemwona Ohio. Anaweza. Asiyeweza ni mimi."

Nilitakiwa niiache chini ya mlango wa shule. Nilifika hadi mlangoni, nikainama, na mkono ukakataa. Je, Bertucci akirudi amechoka? Je, akipata kulungu, akashinda akimchuna na kusimulia watu mpaka usiku? Nimeishi hapa miaka sabini na mmoja, nawajua wanaume siku ya ufunguzi. Nikageuza gari.

Sasa, mwanamke mwenye akili haingii msituni asubuhi ya Novemba 15. Kila mti una mtu na bunduki. Nilivaa fulana ya machungwa ya Urho juu ya koti, inanifika magotini, na ili nisidhaniwe kulungu niliimba. Niliimba tenzi za Kilutheri kwa sauti yangu yote kutoka barabarani mpaka nyuma ya shamba la akina Lahti, na theluji iko juu ya vifundo vya miguu. Kutoka kwenye kibanda cha kwanza mtu akanong'ona kwa hasira, "Nani huyo, jamani?" Kutoka cha pili nikasikia, "Ni Lempi Heikkila. Nyamaza, atatuombea." Kufikia ubeti wa nne nikawa nimeshawafukuza kulungu wa wilaya nzima.

Bertucci alifungua mlango wa kibanda chake kabla sijagonga.

"Bi Heikkila," akanong'ona. "Kuna msiba?"

"Kuna karatasi," nikanong'ona. Sijui kwa nini nilinong'ona baada ya kelele zote zile.

Alinipisha kwenye ndoo aliyokuwa ameikalia, akanimiminia kahawa, akavua glavu akasoma. Niliangalia nje kwenye kile kidirisha. Alisoma polepole. Kwenye ukurasa wa pili alivua kofia. Alipomaliza akarudi kusoma mwanzo, nami nikamaliza kahawa, ilikuwa mbaya sana.

"Kwa nini hukuniambia haya Septemba?"

"Kwetu mtu hasifu chake."

"Ndiyo hiyo tu?"

"Sio hiyo tu. Umeshasoma."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoa risasi kwenye bunduki moja moja, akazitia mfukoni.

"Unafanya nini?" nikamuuliza. "Saa mbili hii! Si umesema jioni?"

"Barua ya mtoto huyu siwezi kuiandika jioni nikiwa nimechoka. Twende, nina ufunguo wa shule."

Loo! Huku kwetu wanaume wamekosa harusi za watoto wao kwa ajili ya siku hii. Alikuwa ameingoja tangu Januari, Kaisa aliniambia, alikuwa na kalenda ukutani anafuta siku. Akaweka bunduki begani tukatoka, na hatujafika mbali kulungu dume, pembe pana kama kiti cha bembea, akasimama mbele yetu katikati ya njia. Akatutazama. Bertucci naye akamtazama, bunduki tupu begani.

"Usiseme neno," akaniambia.

Nilimshika mkono tu, kwa sababu kulikuwa na barafu, na kwa sababu nilitaka. Barua imekwenda saa sita na dakika ishirini mchana. Hakunionyesha, wala sikuomba.

Novemba 24

Sikukuu ya Shukrani. Bata mzinga mdogo, Elma na fimbo yake, na nimemwalika Bertucci. Amekula vipande vitatu vya pai. Kaisa aliniuliza jikoni, "Mummu, tangu lini unampenda Bwana Bertucci?" Nikamwambia nani amesema nampenda.

Desemba 2

Presha 144. Theluji imefika dirishani.

Desemba 8

Kaisa hali vizuri. Mimi pia. Tunalishana.

Desemba 13

Nimemwomba Mungu Kaisa achukuliwe. Kisha nikabaki nimepiga magoti, kwa sababu sala nyingine ilikuwa inataka kutoka nyuma yake, nikaikalia mpaka ikanyamaza.

Desemba 15, Alhamisi

Nilikuwa namenya rutabaga, mizizi ya bustanini kwetu. Basi la shule lilimshusha Kaisa saa tisa na nusu, na majibu yanatoka saa kumi. Alikaa mezani na koti lake, simu ameilaza kifudifudi. Saa kumi ikafika. Saa kumi na dakika tano.

"Soma wewe, Mummu."

Nikafuta mikono. Miwani ikawa na mvuke, nikaifuta nayo. Nikasoma kwa sauti: Mpendwa Kaisa, tunayo furaha. Sikuendelea, kwa sababu alishalaza kichwa mezani, mabega yanamtikisika, nikadhani anacheka. Kumbe analia.

"Wamekuchukua, mtoto. Inuka uone."

"Nimesikia." Hakuinuka. "Nani atakupasulia kuni?"

"Nilipasua kuni kabla mama yako hajazaliwa."

"Nani atakusomea presha?"

"Elma."

"Elma haoni!" Akainua uso, umelowa wote. "Bwana Bertucci alisema mtu anaweza kujitoa kama kuna dharura ya familia. Unaandika tu barua."

"Dharura gani?"

"Wewe."

Nikazima jiko. Nikakaa mbele yake, tukatazamana usoni, hapakuwa na mvuke wa kujifichia. Akaniuliza, "Sema kweli. Unataka niende?"

Ningeweza kumwambia ndiyo. Nilikuwa nimeshaipanga ndiyo hiyo, na tabasamu lake. Lakini ameniuliza kweli.

"Sitaki," nikamwambia. "Sitaki hata kidogo. Mwezi wa tisa nilimwandikia mshauri wako kwamba huwezi kuishi mbali na nyumbani. Niliandika kwa mkono wangu, nikijua ni uongo, ili wakukatae."

Akaacha kulia. Alinitazama muda mrefu sana, nami sikuyakwepesha macho, ingawa nilitamani.

"Uliandika hivyo?"

"Niliandika. Kisha nikaandika nyingine, kurasa tatu, nikampelekea msituni. Nilimwambia kuhusu kibao cha babu yako. Nilimwambia wewe ni mtoto bora kuliko wote niliopata kuwaona, na niliwalisha watoto wa wilaya hii miaka thelathini. Bertucci anajua. Watu wa Ohio wanajua. Wewe ndiye wa mwisho kuambiwa, na hilo ni kosa langu. Sasa utakwenda, Kaisa. Nitaumia, na utakwenda."

Nje gari la kuondoa theluji lilipita, vyombo vikatikisika kabatini. Kaisa alijifuta pua kwa mkono wa koti. Mkono mwingine ukaja juu ya meza ukashika wangu, wenye maganda na kila kitu.

"Rudia," akasema.

"Nirudie nini?"

"Hapo pa mtoto bora."

Nikarudia.